Aikoni zinapendeza kwenye Windows 7, kwa nini XP na 98 zinazikataa?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nimekabidhiwa chumba cha kompyuta. Mashine zetu nyingi ni za msaada: mbili zina Windows 98 (tumeziacha hivyo kwa sababu ya programu ya zamani ya kujifunza kuchapa inayogoma kwingine), sita zina XP na tatu zina Windows 7. Nimetengeneza aikoni za masomo ili kidato cha kwanza watambue folda zao haraka. Nilichora picha za PNG, nikazipitisha kwenye tovuti ya kuzigeuza kuwa ICO, nikaziweka kwenye Windows 7 na zikapendeza sana. Kwenye XP, zile nilizochagua saizi ya 256 peke yake zinatoa karatasi nyeupe, zile nilizochagua saizi ndogo zinaonekana, lakini folda zote zimebaki na rangi yake ya njano ileile. Kwenye 98, ambako nilihamisha kwa CD kwa kuwa flashi haisomeki, zilizokubali zina mraba mweusi nyuma yake. Nimejaribu kubadilisha jina kutoka .png kuwa .ico, wapi. Mwenzangu anasema ni virusi. Fundi anasema tuongeze RAM. Nimsikilize nani?"*

Mwalimu, kabla ya yote nikushukuru kwa kutenganisha kila Windows na dalili yake. Wengi wanaoniandikia husema "aikoni hazifanyi kazi" na kuishia hapo. Wewe umenipa karatasi nyeupe, folda ya njano na mraba mweusi, na kila moja ina sababu yake. Ya folda ya njano haihusiani na picha zako kabisa, hivyo hata ungezichora upya mara mia, folda za XP zingebaki zilivyo.

Nianze na ushauri uliopewa, maana mmoja wao unaweza kuwagharimu shule pesa. RAM haihusiki. Aikoni kubwa kuliko zote ulizotengeneza, ya pikseli 256 kwa 256, hata isipobanwa (yaani kupunguzwa uzito wa faili) kabisa ina baiti 270,376, yaani kama robo ya megabaiti. Mashine yoyote inayoweza kuwasha Windows 98 inaibeba bila jasho. Fundi ana hoja kidogo kuhusu kadi ya picha, nitaigusa mbele, lakini msinunue kitu kwa sasa. Virusi navyo havihusiki na dalili ulizotaja, ingawa mwenzako hakukosea kuwa na wasiwasi: kwenye mashine za XP zinazopokea flashi za wanafunzi, aikoni na virusi ni mambo yaliyowahi kukutana. Hilo pia nitalirudia.

Kubadilisha jina la faili ndiko kosa ninalolikuta kila mahali. Ukiandika .ico badala ya .png umebadilisha kibandiko cha nje tu. Windows inapotaka kuonyesha aikoni hufungua faili na kusoma baiti za mwanzo. ICO halisi huanza na 00 00 01 00. PNG huanza na baiti 89, halafu herufi P, N na G. Windows 98 haijui lolote kuhusu hizo herufi tatu, na jina zuri haliwezi kuifundisha.

Sasa twende kwenye kiini. Faili ya ICO ni mkoba wa picha kadhaa, ingawa majina yetu ya faili yanatufanya tuione kama picha moja. Mwanzoni kuna orodha fupi: zipo picha ngapi, na kila moja ina upana gani, urefu gani, rangi kwa kina gani, uzito gani na inaanzia wapi ndani ya faili. Baada ya orodha ndipo picha zenyewe zinafuatana. Ni kama sare za shule zilizoshonwa kitambaa kimoja kwa vipimo mbalimbali: Windows inapofika inaangalia mahali aikoni inapotakiwa kukaa, inapima, inachukua inayomtosha. Upande wa kushoto wa jina la faili kwenye orodha inachukua ya pikseli 16. Juu ya eneo-kazi inachukua ya 32 au 48. Isipopata ya kipimo chake, inachukua nyingine na kuivuta au kuifinya, ndiyo maana aikoni nyingine huonekana kama zimepakwa matope.

Shida yako inaanzia hapa: lugha ya picha zilizo ndani ya mkoba imebadilika kadiri miaka ilivyokwenda, na Windows ya zamani haijui lugha iliyokuja baada yake. Enzi za Windows 95 na 98 aikoni zilikuwa za rangi 16 au 256, na kila picha ilikuwa na ramani ya pili ya biti moja kwa kila pikseli, inayosema "hapa chora" au "hapa acha mandhari ya nyuma yaonekane". Hakukuwa na nusu uwazi. Pikseli ama ipo ama haipo. XP ilipotoka Oktoba 2001 ilileta picha za biti 32, ambamo kila pikseli ina kiwango chake cha uwazi kutoka 0 hadi 255. Kiwango hicho kinaitwa alfa, na ndicho kilicholeta vile vivuli laini na kingo zisizo na meno. Vista ilipofika sokoni mwanzoni mwa 2007 ikaongeza aikoni za pikseli 256, na kwa kuwa picha ya ukubwa huo ni nzito, ikaruhusu ibanwe kwa PNG ndani ya mkoba uleule wa ICO. Windows 7 imerithi hayo yote.

Karatasi nyeupe kwenye XP imetoka kwenye hatua hiyo ya mwisho. Ulipochagua 256 peke yake, tovuti ilikupa mkoba wenye picha moja tu, tena ya PNG. XP imefungua, imesoma orodha, ikaenda kuchukua picha, ikakuta kitu isichokielewa. Haikulalamika. Ikaweka karatasi yake nyeupe na kuendelea na shughuli nyingine. Zile ulizochagua saizi ndogo zilipona kwa sababu picha zake hazikubanwa.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Fungua aikoni moja iliyogoma kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, usiogope na usihifadhi chochote. Bonyeza Ctrl na F, utafute herufi IHDR. Kila unapoikuta, kuna picha moja ya PNG mle ndani. Kisha fungua moja iliyokubali XP. Nategemea hutaikuta hata mara moja. Njia ya pili ni kuangalia uzito wa faili, na hii naipenda zaidi kwa kuwa haidanganyi. Aikoni ya biti 32 isiyobanwa ina uzito usiobadilika, haijalishi umechora nini: ya pikseli 16 ni baiti 1,128, ya 32 ni 4,264, ya 48 ni 9,640. Ukiweka zote tatu pamoja na orodha yake, faili itakuwa na baiti 15,086 kamili. Ukibofya Properties ukakuta faili inayodaiwa kuwa na saizi hizo zote ina baiti 3,000 hivi, basi imebanwa, na XP itakuletea karatasi.

Mraba mweusi wa Windows 98 ni habari nyingine. Faili zilizokubali XP zina picha za biti 32 peke yake. Windows 98 haijui alfa, kwa hiyo inasoma rangi tatu za pikseli na kuiacha ile baiti ya nne ya uwazi kama haipo. Programu nyingi za kuchora, pale ulipofuta ili pawe wazi, huweka rangi nyeusi yenye uwazi kamili. Ukiiondoa habari ya uwazi, kinachobaki ni weusi. Ile ramani ya zamani ya biti moja ingeweza kuokoa hali kwa kusema "hapa acha", ila tovuti nyingi za kugeuza picha hujaza ramani hiyo sufuri tupu, na sufuri maana yake ni "chora". Matokeo yake ni mraba mweusi. Hata ramani ikiwekwa vizuri, kile kivuli laini ulichokiweka chini ya picha hugeuka kuwa ukingo mweusi mnene, kwa sababu nusu uwazi haina pa kwenda: lazima iwe ndiyo au hapana. Kuna ugonjwa wa tatu wa aina hii unaweza kuukuta ukianza kuchezea ramani mwenyewe. Sehemu iliyoandikwa "acha" lazima rangi yake iwe nyeusi. Ukiacha rangi nyingine hapo, Windows huichanganya na mandhari ya nyuma na kuipindua, ukaona aikoni imezungukwa na zambarau au kijani ambayo hukuichora.

Dawa ya karatasi nyeupe na ya mraba mweusi ni moja: weka ndani ya mkoba picha ambazo kila Windows yako inazijua. Kwa chumba chako hizo ni picha tisa. Saizi tatu, 16, 32 na 48, na kila saizi kwa kina cha rangi tatu: biti 4 yaani rangi 16, biti 8 yaani rangi 256, na biti 32 yenye alfa. Bila kubanwa hata moja. Faili itakayotoka itakuwa na baiti 25,214, na ukiiona namba hiyo kwenye Properties ujue umepatia. Windows 98 itachukua ya rangi 256 au 16, XP na 7 zitachukua ya biti 32.

Je, uongeze na ile ya 256 kwa ajili ya Windows 7? Hapa kuna kupima. Ukiiongeza ikiwa ya PNG, kwa kawaida XP huiruka na kuchukua saizi ndogo zilizo pembeni yake, hivyo haidhuru. Lakini baadhi ya programu za zamani zinazosoma aikoni hukataa faili nzima zikikuta PNG ndani; hata Visual Studio, programu ya waandishi wa programu, za enzi za kabla ya Vista huitupa kwa ujumbe wa kosa. Usipoiongeza, hasara yake ni kwamba mwanafunzi akichagua mwonekano mkubwa kabisa kwenye Windows 7 ataona aikoni ndogo iliyozungukwa na nafasi tupu. Kwa maabara yenye mashine tatu tu za Windows 7, ningeiacha 256 kabisa. Faili moja inayokwenda kila mashine inakupunguzia kuulizwa maswali.

Kwa kutengeneza, achana na tovuti, nyingi hazikwambii zimeweka nini ndani. Weka GIMP, programu ya kuchora, kwenye mashine ya Windows 7, ni ya bure; chukua toleo la 2.10, kwa kuwa la 3 halikubali Windows 7. Fungua picha mpya, kisha tengeneza tabaka tisa, kila moja ikiwa na saizi yake: tatu za 48, tatu za 32, tatu za 16. Ukihamisha picha kwa jina linaloishia na .ico, GIMP itakufungulia dirisha linaloonyesha kila tabaka peke yake na mahali pa kuchagua kina chake cha rangi. Kwa kila saizi chagua moja ya biti 4, moja ya biti 8 na moja ya biti 32. Pembeni yake kuna kisanduku kilichoandikwa Compressed (PNG). Hakikisha hakina alama kwenye tabaka hata moja. Kisanduku hicho ndicho kilichokuumiza tangu mwanzo, isipokuwa kwenye tovuti hukuonyeshwa.

Tafadhali usichukue ile picha ya 256 ukaibana mpaka 16 ukadhani kazi imekwisha. Pikseli 16 kwa 16 ni vitone 256 tu. Neno "HISABATI" haliingii humo, na ramani ya Afrika itakuwa doa. Kwa saizi hiyo chora upya kwa mkono: alama ya kujumlisha kwa hisabati, chupa ya maabara kwa kemia, jani kwa biolojia, kila moja na rangi yake moja iliyokolea. Kwenye picha za biti 4 na 8 ondoa kivuli kabisa na uhakikishe kingo ni ngumu, hakuna pikseli iliyo nusu wazi. Hii ni kazi ya jioni nzima kwa masomo yote, sitakuficha, ila ndiyo inayotofautisha aikoni ambayo mtoto anaitambua kutoka mbali na ile anayolazimika kusogeza pua kwenye kioo.

Nije sasa kwenye folda za njano. Ukibadilisha aikoni ya folda kupitia Properties, Windows huandika faili iliyofichwa ndani ya folda hiyo, iitwayo desktop.ini. XP na 98 hutafuta humo mistari miwili, IconFile na IconIndex. Windows 7 huandika mstari mwingine, IconResource, ambao XP haiujui kabisa na huuruka. Tena njia inayoandikwa huwa ni ya mashine yako, mfano C:\Users\mwalimu\Pictures\hisabati.ico. Kwenye XP hakuna hata hiyo folda ya Users. Wao wana Documents and Settings. Kwa hiyo folda zako zilikuwa na makosa mawili kwa mpigo, na hakuna lolote kati ya hayo lililotokana na picha.

Suluhisho ni kuandika zote na kuiweka aikoni ndani ya folda yenyewe ili njia isitegemee mashine. Weka hisabati.ico ndani ya folda HISABATI, kisha kwa Notepad andika hivi:

[.ShellClassInfo]
IconFile=hisabati.ico
IconIndex=0
IconResource=hisabati.ico,0

Hifadhi kwa jina desktop.ini humo humo. Ukitumia Notepad ya Windows 7, pale penye Encoding acha ANSI. Ukiweka Unicode, Windows 98 haitaisoma. Angalia pia Notepad isikubandikie .txt mwishoni.

Bado hatua moja ambayo wengi huisahau halafu hurudi wakisema "nimefanya kama ulivyosema, hakuna kitu". Windows haihangaiki kusoma desktop.ini ya kila folda, maana ingechelewa mno. Huisoma tu kama folda yenyewe ina sifa ya mfumo au ya kusomeka tu. Sifa hizo mara nyingi hupotea folda inaponakiliwa kwenda mashine nyingine, na ndiyo maana kila mashine inahitaji amri mbili. Ziandike kwenye faili iitwayo weka.bat, iliyokaa pembeni ya folda HISABATI, kisha ibofye mara mbili kwenye kila mashine:

attrib +s HISABATI
attrib +h +s HISABATI\desktop.ini

Ongeza mistari kama hiyo kwa kila somo. Nimechagua sifa ya mfumo kwa kuwa inakubalika kwenye Windows zako zote tatu. Isikutishe: haiwazuii wanafunzi kuhifadhi kazi zao ndani ya folda. Kwa zile mbili za 98 kuna jambo dogo la ziada. Faili zilizotoka kwenye CD hubaki na alama ya kusomeka tu, kwa hiyo ukitaka kuzirekebisha baadaye zitakugomea mpaka uiondoe alama hiyo kwa attrib -r.

Kwa njia za mkato zilizo juu ya eneo-kazi, kanuni ni rahisi zaidi. Tengeneza folda C:\Aikoni kwenye kila mashine, weka faili zote humo, na njia za mkato zielekeze huko. Usichague aikoni kutoka kwenye imageres.dll ya Windows 7 hata kama zinavutia. Faili hiyo ilianza na Vista, haipo XP wala 98.

Ukishamaliza, unaweza kukuta bado unaona picha za jana. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kubomoa kazi ambayo tayari ilikuwa sahihi. Windows huweka akiba ya aikoni ilizokwisha kuzisoma ili isizisome tena kila inapowaka, na akiba hiyo haigundui daima kwamba umebadilisha faili yenye jina lilelile. Njia nyepesi ni kuipa aikoni jina jipya, tuseme hisabat2.ico, na kuelekeza desktop.ini kwenye jina hilo. Windows itaiona kama ngeni na kuisoma upya. Ukitaka kusafisha akiba yote, kwenye 98 ni faili iliyofichwa iitwayo ShellIconCache ndani ya C:\WINDOWS. Ifute na uwashe upya. Kwenye XP inaitwa IconCache.db, ipo kwenye Local Settings\Application Data ya mtumiaji. Kwenye Windows 7 jina ni hilohilo, ila Explorer huiandika tena inapofungwa, kwa hiyo izime kwanza. Fungua dirisha la amri na uandike:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a "%localappdata%\IconCache.db"
start explorer.exe

Eneo-kazi litapotea kwa muda kisha litarudi. Wafunge kazi zao kwanza wanafunzi waliokaa kwenye mashine hiyo.

Nilisema fundi ana hoja kidogo. Kwenye hizo Windows 98, bofya eneo-kazi kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Settings, uangalie idadi ya rangi. Kama mashine inakupa rangi 16 tu na kioo cha 640 kwa 480 bila chaguo jingine, kadi ya picha ipo ila haina draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia, na hakuna aikoni itakayopendeza hapo. Kama rangi ni nyingi lakini aikoni bado zimefifia, nenda kichupo cha Effects na uweke alama kwenye "Show icons using all possible colors". Bila alama hiyo, Windows 98 hutumia aikoni za rangi 16 hata kama kioo kina uwezo wa zaidi.

Na sasa wasiwasi wa mwenzako. Mwaka 2010 iligundulika kasoro kwenye jinsi Windows inavyosoma aikoni za njia za mkato: kuiangalia tu folda yenye njia ya mkato iliyotegwa kulitosha kuendesha programu ya mshambuliaji, bila kubofya chochote. Programu hasidi iitwayo Stuxnet ilisambaa kwa flashi kwa kutumia kasoro hiyo. Microsoft walitoa kiraka tarehe 2 Agosti 2010, lakini kwa XP kilihitaji Service Pack 3 (furushi la masasisho ya Windows, kwa kifupi SP3), kwa kuwa msaada wa Service Pack 2 ulikwisha Julai mwaka huohuo. Kwenye kila XP andika winver pale penye Run. Ikisomeka Service Pack 2 au chini yake, mashine hiyo isipokee flashi za wanafunzi mpaka iwekwe SP3 na kiraka hicho. Hata hivyo msaada wa 98 ulikwisha 2006, wa XP 2014, wa Windows 7 Januari 2020, kwa hiyo ningependa mashine hizi zote zibaki nje ya intaneti. Jambo la pili ni programu zinazovaa sura ya folda. Kuna virusi vya flashi vinavyoficha folda halisi na kuweka faili ya .exe yenye jina lilelile na aikoni ya folda ya njano. Wewe mwenyewe sasa unajua jinsi ilivyo rahisi kuipa faili sura yoyote. Nenda Folder Options, kichupo cha View, uondoe alama kwenye "Hide extensions for known file types", na uwaonyeshe wanafunzi kwamba folda halisi haina .exe mwishoni.

Kuna hali ambazo usihangaike peke yako kwa maelezo yangu. Kama aikoni zilizobadilika ni za Windows yenyewe na wewe hukuzigusa, kama kila njia ya mkato inafungua programu moja ileile, kama folda za wanafunzi zimegeuka kuwa njia za mkato kwa usiku mmoja, au kama hiyo 98 imekwama kwenye rangi 16 na huna CD ya draiva, muite fundi aje aiguse mashine yenyewe. Akifika na kusema jibu ni kupiga Windows upya, mwambie kwanza anakili kazi za wanafunzi na ile programu ya kuchapa kwenye diski nyingine, kisha azifungue mbele yako. Programu hiyo kwenye Windows 98 ikipotea, kuipata tena inaweza kuwa vigumu kuliko kazi yote ya aikoni. Na kwa suala la draiva, mfungulie boksi aisome namba iliyochapwa kwenye kadi ya picha kabla hajaenda kutafuta, kwa sababu jina linaloonyeshwa na Windows isiyo na draiva halitamsaidia.